Gari la winchi la mwanangu limepungua vipande, na kila mtu nyumbani ana wake wa kumlaumu

Dada wa safu ya ushauri, assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Wete, Pemba. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa na karibuni amekhitimu msahafu chuoni kwao. Mjomba wake, yaani kaka yangu mkubwa anayefanya kazi mjini Unguja, alimwahidi tangu zamani kwamba siku akikhitimu atamnunulia zawadi atakayoichagua mwenyewe. Mtoto akachagua gari la winchi la kujenga, lile la vipande vya plastiki unavyounganisha kimoja kimoja kwa kufuata picha za kitabu. Kaka alilinunua kwa shilingi 85,000 kwenye duka moja la vitu vya watoto mjini, akalipakia kwenye boti, shemeji yangu akalipokea Mkoani. Juu ya boksi imeandikwa vipande 512.

Tangu lilipofika, mtoto akirudi skuli na chuoni hatoki nje. Anakaa ukumbini juu ya mkeka na kitabu chake, anahesabu matundu kwa ncha ya kidole, akikosea anabandua na kuanza upya bila ya kununa. Ndani ya boksi mlikuwa na mifuko iliyoandikwa namba 1 mpaka 5. Magurudumu, injini, kibanda cha dereva, vyote vimesimama. Alipofika kwenye mkono wa winchi akakwama. Kitabu kinataka vijiti viwili virefu vyeusi vya kupitishia gia, yeye anacho kimoja. Kinataka mbao mbili ndefu za njano zenye matundu, ambazo ndizo mkono wenyewe, hata moja hana. Na gia ndogo za kijivu kwenye picha ni tatu, alizonazo ni mbili. Vipande vinne basi havipo, na bila ya hivyo winchi hainyanyui kitu.

Tumetafuta. Tumeinua mkeka na godoro, tumefagia mpaka chini ya kabati, taka tumezimwaga uani tukazichambua kwa kijiti. Hatukuona.

Sasa kumezuka maneno. Bibi yao mzaa baba anasema ni mdogo wake wa kike, mwenye miaka miwili na nusu, ndiye aliyevitupa kwa sababu hakai mbali na kaka yake. Kila mtoto akipita anaambiwa, "Huyo mharibifu." Mume wangu yeye anasema mwenye duka alilifungua boksi akachukua vipande, na nimpigie kaka akamrudishie gari lake. Mimi naona haya. Zawadi mtu kakupa kwa mapenzi, kaka yangu ana watoto wake wanne na kodi ya nyumba, nianze kumwambia ina kasoro? Nikaona nimalizane na mwenye duka mwenyewe. Nikamtumia ujumbe kwa namba iliyopigwa chapa kwenye mfuko. Akanijibu kwa sauti: "Mama, mali ikishauzwa hairejeshwi, na boksi mmeshalifungua wenyewe." Basi, kisha kimya.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Mjomba kapiga simu ya video, akamwambia mtoto, "Nioneshe winchi yako." Mtoto akasema simu inakwisha chaji, akaikata. Simu ilikuwa imejaa. Gari lenyewe kaliweka juu ya kabati, nusu, kalifunika kwa kanga.

Nauliza mambo matatu. Nimwambie kaka au ninyamaze? Mwenye duka ana haki ya kunijibu vile? Na je, ninunue seti nyengine ndogo hapa Pemba nikachukua vipande vyake, mambo yakaisha?

Mama wa watoto wawili, Wete

JIBU

Waaleikumu salaam, mwenzangu. Mpe mtoto hongera zangu. Amefanya kazi kubwa na winchi yake inastahili kunyanyua, nami nataka inyanyue. Maswali yako yote nitayajibu, ila sitayafuata kwa mpango uliouandika, kwa sababu kuna jambo umelitaja kwa upande wa lawama tu, nami nimelisoma kwa upande mwengine.

Binti yako ana miaka miwili na nusu. Bibi yake anauliza kama amevitupa, mimi nauliza kama amekitia kimoja kinywani. Mbao za njano ni ndefu, hizo hazinitii wasiwasi. Gia ndogo ndiyo inayonishughulisha. Angalia boksi, utaona alama ya duara yenye sura ya mtoto iliyokatwa kwa mstari na kuandikwa 0-3. Maana yake seti hii ina vipande vinavyoweza kumkaba mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu. Mwangalie leo: ana kikohozi kilichoanza ghafla? Anapumua kwa sauti ya mluzi? Mate yanamtoka kuliko kawaida, anakataa kula, anatapika, anashika shingo au kifua? Ukiona mojawapo usisubiri jioni, mpeleke Hospitali ya Wete, na uchukue gia moja katika zile mbili mlizonazo ili daktari aione kwa macho. Na kama gari hilo lina taa inayotumia betri bapa ya duara, hakikisha betri ipo mahali pake. Hiyo ikimezwa ni ya kukimbizwa hospitali hata kama mtoto anacheka, kwa sababu huunguza koo ndani ya muda mfupi.

Kama binti ni mzima, anakula na kucheza, alhamdulillahi. Kuanzia leo lakini ujenzi uhamie juu ya meza au kitanda kirefu, na yeye apewe kazi yake mbali na pale.

Sasa vipande. Nimeisoma barua yako mara kadhaa na ninavyoona mimi, vipande hivi vinne havikupotea kwa njia moja. Nyinyi nyumbani mnavitafutia mkosaji mmoja, ndiyo maana kila mtu ana wake na hakuna anayemshawishi mwenzake. Vitenganishe.

Anza na mbao za njano. Zote mbili hazipo. Ni shida kwa mtoto mdogo kupoteza vipande viwili virefu vyenye rangi kali, vinavyofanana, akaviacha mamia ya vipande vidogo vilivyomzunguka. Na mwenye duka mwizi hajui kurasa za kitabu, atatia mkono na kutoa chochote. Lakini viwandani, vipande virefu mara nyingi havitiwi ndani ya mifuko yenye namba kwa sababu havienei. Hutiwa kwenye mfuko mwengine usio na namba, au huachwa huru ndani ya boksi, vikalala ubavuni au chini ya kitabu. Umeniambia mifuko ya namba 1 mpaka 5. Hukuniambia kama kulikuwa na mfuko usio na namba. Natumai boksi bado lipo. Lichukue, bandua gundi ya chini, lifungue lote mpaka lilale bapa kama kadi, upitishe mkono katika kila mkunjo. Tazama pia ndani ya mfuko wa dukani uliokuja nalo na mahali shemeji alipolifungua, kama alilifungua. Nikiambiwa niweke matumaini yangu pamoja, nitayaweka hapo.

Kijiti cheusi ni habari nyengine. Vijiti hivi huja kwa urefu mbalimbali, na kimoja humzidi mwenzake kwa kiasi cha tundu moja tu, yaani milimita 8 katika seti zinazofuata vipimo vya kawaida. Na katika baadhi ya seti vyote ni vyeusi. Mtoto akijenga baada ya Magharibi kwenye taa hafifu, atatia kijiti kirefu mahali pa kifupi na gari litakubali, ila ncha itachomoza kidogo. Baada ya kurasa ishirini kile kirefu kinahitajika na hakipo. Dalili yake ni rahisi sana: mkikuta kijiti kimezidi, kinachokaribia kuwa sawa na kile mnachokitafuta, basi hakikupotea kitu, kimekaa pasipo pake. Vitabu vingi vya seti hizi huchora kijiti kwa urefu wake halisi pembeni ya ukurasa, na namba ya urefu ndani ya duara. Kilaze kijiti juu ya picha. Kikifunika picha bila kuzidi wala kupungua, ndicho. Muulize pia mtoto, kwa upole, kama mifuko yote aliifungua siku moja. Kama aliimwaga pamoja, uwezekano wa kubadilishana ni mkubwa. Kama alifungua mmoja baada ya mmoja, tazameni zaidi sehemu zilizojengwa kwa mfuko uleule.

Gia ndogo, tukishamtoa binti katika hesabu, hupenda kujificha mahali pawili. Kwanza pembeni mwa mfuko wake wa plastiki, imeng'ang'ania kwenye mshono. Mifuko yote igeuzwe ndani nje. Pili nyuma ya gia mwenzake. Mbili zikichomekwa kwenye kijiti kimoja zikabanana, huonekana moja nene. Mtoto azishike zile mbili alizonazo azilinganishe unene.

Baada ya hapo, hesabu kamili. Usibomoe gari. Kaeni barazani mchana, jua likiwa kali lakini hapana upepo. Tandika shuka jeupe badala ya mkeka, kwa sababu kipande chembamba kikiingia kwenye masuko ya ukindu hukioni hata ukikikalia. Leta masinia mawili: moja la vipande ambavyo bado havijatumika, jengine la vilivyozidi. Kitabu kifunguliwe kurasa za mwisho, ambako seti nyingi huweka picha ya kila aina ya kipande, namba yake, na idadi. Kama chenu hakina orodha hiyo, tumieni kile kijisanduku kilichoko juu ya kila hatua kinachosema 2x au 4x, mjumlishe. Mtoto ataje, wewe andika kwenye daftari: kipande gani, vinatakiwa vingapi, vimo vingapi ndani ya gari, vingapi kwenye sinia. Mkikuta vipande vidogo kabisa vimezidi kimoja kimoja msishangae, watengenezaji wengi huongeza vya akiba, maana ndivyo vinavyopotea upesi. Mwache yeye awe msimamizi. Huyu ni mtoto aliyeusoma msahafu aya kwa aya mpaka akakhitimu, orodha ya vipande haitamshinda.

Mkimaliza, mambo yatakuwa moja kati ya mawili. Vimeonekana, au mna karatasi inayosema bila ya ubishi ni vipande gani vimekosekana na vya namba ngapi. Hapo ndipo lawama ya mume wako pia itapimika. Boksi lililofunguliwa dukani huacha alama: selotepu juu ya selotepu, karatasi iliyochanika pale palipokuwa na gundi, mfuko uliokatwa kisha ukapigwa pini. Kama hakuna alama hata moja, mwambie kwa upole kwamba viwandani mifuko hukaguliwa kwa mizani. Kipande chepesi kikikosekana, uzito haubadiliki kiasi cha kuzuia mfuko usipite. Upungufu hutokea, na hakuna aliyeiba.

Kuhusu mama mkwe, usimjibu wewe. Mume wako ndiye mwanawe, yeye amwambie kwa faragha kwamba binti asiitwe mharibifu kwa jambo ambalo halijahesabiwa. Hili nalitilia mkazo. Mtoto wa umri huo jina hulishika.

Swali lako la kwanza: mwambie kaka yako. Nakuelewa kuhusu haya, kwetu zawadi haipokewi kwa mizani, na ni adabu nzuri. Lakini hapa unayemhifadhi si kaka. Mwanao ameshaanza kumkimbia mjomba wake kwa uongo wa chaji, uongo alioutunga peke yake ili asimvunje moyo mtu anayempenda. Mzigo huo si wa miaka tisa. Na kaka asipojua, Idi ikifika ataulizia winchi tena mbele ya watu. Zaidi ya hayo, mnunuzi ni yeye. Risiti anayo yeye, duka liko mjini alipo, na mwenye duka anamjua uso. Wewe uko ng'ambo ya bahari na sauti ya simu tu.

Usimwambie kwa namna ya shitaka. Mtumie baada ya hesabu, ukiwa na picha mkononi, kitu kama hiki:

"Kaka, assalaam aleikum. Mpwa wako amejenga winchi mpaka kwenye mkono, picha hizi hapa, na hatujui tukushukuru vipi. Tumehesabu kwa kitabu tukaona boksi limekuja na upungufu wa vipande hivi nilivyovitia duara. Tunajua si wewe. Naomba ukipata nafasi unitumie picha ya risiti, na ukipita njia za dukani umuoneshe mwenye duka picha hizi. Mpwa wako atakupigia leo usiku akuoneshe mwenyewe alipofikia."

Tazama, umempa shukurani, picha na kazi ya kufanya, na hakuna mahali ulipomwambia zawadi yake ni mbovu. Halafu usiku mtoto ampigie kweli, alitoe gari chini ya kanga, amuoneshe hatua aliyokwama. Wanaume wengi ukiwaambia mahali penye tatizo la gia, hata usingizi wanausahau. Kaka yako atafurahi kuhusishwa.

Mwenye duka sasa. Hayo maneno kwamba mali ikishauzwa hairejeshwi tumeyazoea, yameandikwa kwenye kuta za maduka kuanzia Darajani mpaka Chake Chake. Mtu akinunua kanga nyekundu, akifika nyumbani akaona bora ya buluu, mwenye duka ana haki ya kumkatalia. Lakini boksi lililoandikwa 512 likauzwa likiwa na 508, hilo si suala la mnunuzi kubadili mawazo. Ni kipimo kimepungua. Sisi ni watu wa dini, na katika biashara ya Kiislamu mnunuzi aliyekuta kasoro iliyokuwamo kabla ya kununua ana khiyari: akubali nayo au arejeshe. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni, vidole vikatoka na maji. Muuzaji akasema imenyeshewa na mvua. Akamwambia kwa nini hukuiweka juu watu waione, mwenye kutughushi si katika sisi. Mfanyabiashara wa Zanzibar anaijua hadithi hiyo toka chuoni.

Na mimi simwiti mwenye duka wako mghushi. Yeye naye kapokea boksi limefungwa, huenda hajui kilichomo kuliko unavyojua wewe, na anayo haki ya kuogopa kwamba mtoto amepoteza vipande kisha analetewa yeye alipe. Ndiyo maana daftari na picha zina thamani. Kaka aende wakati duka halina watu, aseme bila kupandisha sauti, aombe jambo jepesi mwanzo: kama kuna boksi jengine la aina hiyo lililofunguliwa la maonesho au lililorejeshwa, wapewe vipande hivyo vinne tu. Likishindikana, wabadilishiwe seti kwa seti. Likishindikana hilo pia, wapunguziwe pesa. Na mwenye duka anaye mtu aliyemuuzia kwa jumla, anaweza kumrudia kwa picha hizohizo.

Akikataa kila kitu, Zanzibar inayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ZFCC, iliyoko chini ya sheria ya mwaka 2018 ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji. Hupokea malalamiko ya wanunuzi, na hapo risiti ndiyo inayosema. Wengi wetu tukiulizwa "nikupe risiti?" tunasema wacha tu. Tuichukue. Lakini kwa vipande vinne mimi ningeanza na uso kwa uso, na Tume ningeiweka nyuma kabisa.

Kuna mlango mwengine ambao wazee wengi hawaujui, nao ni wa mtengenezaji. Angalia jina la kampuni na tovuti yake kwenye boksi. Makampuni makubwa yana huduma ya vipande vilivyokosekana. Mfano ni LEGO ya Denmark, iliyoanzia mji wa Billund mwaka 1932: kwa seti zao, mtu mzima anajaza fomu kwenye tovuti, anaandika namba ya seti iliyoko kwenye boksi na jalada la kitabu, anachagua kipande kwa namba yake kutoka kurasa za mwisho, na wanakituma bila malipo. Fomu itakuonesha nchi wanazotuma. Ukiona anwani ya huku inaleta tabu, tumia ya ndugu aliyeko Muscat, Dubai au London, na Wete hakuna nyumba isiyokuwa na ndugu huko. Kama seti yenu ni ya kampuni nyengine, andika barua pepe fupi: namba ya seti, namba ya vipande, picha ya ukurasa, picha ya risiti. Kampuni isiyoandika jina wala anwani yoyote kwenye boksi, hiyo usiitumainie, rudi kwa mwenye duka.

Wakati mnasubiri, gari lisikae juu ya kabati. Mtoto aruke hatua hiyo ajenge sehemu zisizoitegemea, mara nyingi ndoano na kamba havihitaji mkono. Anaweza pia kutazama ndani ya mwili wa gari kama kuna ubao wenye matundu unaofanana, hata ukiwa wa rangi nyengine, uliofichwa mahali pasipobeba uzito. Autoe huko autie kwenye mkono, na kule ndani azibe kwa vipande viwili vifupi vilivyopandana. Jambo moja namkataza: gundi kali. Kipande halisi kikija hakitaingia, na kilichogandishwa hakitoki tena.

Umeuliza kama ununue seti nyengine ndogo hapa Pemba. Kufaa kunawezekana. Tofali la kisasa la LEGO liliombewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, tarehe 28 Januari 1958, hataza hiyo ilikwisha muda wake zamani, na leo viwanda vingi vinatengeneza vipande vya vipimo hivyohivyo vinavyoingiliana. Lakini ubao mrefu wa njano na gia huwa kwenye seti kubwa za magari na mitambo, si kwenye vile viboksi vidogo vya elfu kumi vyenye nyumba na askari, kwa hiyo utatoa pesa na winchi itabaki vilevile. Ukitaka kununua, kaka apite kwanza kwenye maduka ya Mlandege na Darajani huko mjini Unguja na picha ya kipande mkononi, aulize kama kuna seti iliyofunguliwa wanayoiuza vipande. Na kabla hajatoka nyumbani, wewe uwe umeshalibandua lile boksi na kulilaza bapa.